Wa Hapa na Wa Kule

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimekata shauri kwamba sitakata shauri. Kitabu changu ndicho kitakachoamua.

Nijieleze vizuri, hata kama msomaji ni mimi mwenyewe. Asubuhi Daktari aliingia karakanani, jambo asilolifanya ila plasta ikiisha. Nilikuwa napanga meno ya bandia kwenye nta. Akachukua taya ya plasta ya mteja mmoja, akaigeuzageuza kama mtu anayechagua tikiti sokoni. Kisha akasema anafungua kliniki ya pili katika mji wa mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi. Anataka niende mimi nikaanzishe karakana ya huko na kuisimamia. Mwaka mmoja kwanza, halafu tutaona. Jibu analitaka Jumatatu ijayo. Nikamwambia lazima nizungumze na mume wangu. Akasema vyema, Fundi, zungumzeni.

Sikuzungumza. Mume wangu, ambaye ni fundi wa majokofu, alirudi jioni mikono ikinuka gesi. Akaniuliza siku ilikuwaje, nikasema ya kawaida. Mama mkwe, tunayeishi naye, akaniuliza chumvi ya leo ni ya namna gani. Nikasema ya kawaida pia.

Ukweli ni kwamba ndani yangu kuna wanawake wawili. Mmoja amekwisha kutoa sanduku juu ya kabati. Mwingine amelikalia. Wote wana sauti yangu, na wote wakiongea nawaona wana haki.

Hapo ndipo kitabu kinapoingia. Tangu mwaka jana, saa ya mapumziko, naandika riwaya kwenye kompyuta ya kliniki. Riwaya ya kisayansi, ya zama zijazo. Hakuna anayejua. Mwanamke ameshindwa kuchagua kati ya kubaki kwake na kwenda kufanya kazi kwenye mwezi wa sayari ya mbali. Katika zama hizo ipo ofisi ya watu wa namna hiyo. Unaingia kwenye chumba cha kioo ukiwa mmoja, unatoka wawili. Mmoja anaitwa Wa Hapa, anarudi nyumbani na kikapu chake cha viazi. Mwingine ni Wa Kule, anapanda chombo bila kugeuka nyuma. Walipogawanywa, Wa Kule alichukua nyimbo na ujeuri. Wa Hapa alichukua mapishi na kumbukumbu za siku za kuzaliwa za watu. Woga tu haukugawanyika. Kila mmoja alitoka nao mzima.

Sentensi hiyo ya mwisho naipenda mno. Niliiandika huku nakula ndizi.

Sasa nimekwama sura ya mwisho. Mtambo unaowaweka hai unaishiwa nguvu, na ni mmoja tu anayeweza kubaki. Yupi? Mpango: watu wasome bila kujua mwandishi ni nani, wapige kura. Akishinda Wa Kule, nakwenda. Akishinda Wa Hapa, nabaki. Sitakuwa nimemwacha mtu, wala sitakuwa nimejinyima kitu. Watakuwa wameamua wasomaji. Sijui kwa nini watu wengine hawaishi hivi.

Jumanne, 4 Machi

Wifi yangu, dada wa mume wangu, anafundisha fasihi shule ya sekondari. Ana chama cha wasomaji kinachokutana sebuleni kwake kila Jumamosi. Tangu niolewe hajawahi kuniomba maoni juu ya kitabu. Huniomba nisogeze viti.

Nimempitia baada ya kazi, nikampa bunda la karatasi. Nikamwambia ni kazi ya mteja wetu mmoja, mtu mwenye haya, anayetaka kujua wasomaji wangemwokoa nani mwishoni. Wifi akauliza jina lake. Nikasema kliniki haituruhusu kutaja majina ya wagonjwa. Akaniangalia kwa heshima kidogo. Heshima hiyo ilikuwa tamu, nikatembea nayo mpaka nyumbani.

Usingizi umekuja haraka. Mtu aliyepanga mambo yake hulala vizuri.

Jumatano, 5 Machi

Wifi amepiga simu kazini. Amesoma yote bila kusimama. Anasema kuna kalamu pale, lakini inaonekana wazi kwamba aliyeandika ni mwanamume. Tena kapera. Nikamwuliza kajuaje. Akasema hakuna mwanamke anayewaza mambo mengi hivyo huku akimenya viazi.

Ile sura nzima niliiwaza nikimenya viazi.

Akaongeza kwamba mwanamke asingemfanya mume wa kitabuni awe bapa namna ile. Mke anaondoka nusu, mume anasema haya. Mke anaongea na anga kwa chombo cha mawasiliano jikoni, mume anasema haya. Hana neno jingine. Nikajibu kwamba pengine wapo waume wa hivyo. Wifi akasema wapo wake wasiowasikiliza.

Kisha likaja la kunivunja miguu. Anamtaka mwandishi aje mwenyewe Jumamosi. Nikasema haiwezekani. Akauliza kwa nini. Kichwa kilikuwa kitupu, mbele yangu kuna taya. Nikasema ameng'olewa meno yote, hawezi kuongea.

Wifi akasema maskini.

Alhamisi, 6 Machi

Imeletwa supu kliniki. Imetoka kwa wifi, ni ya mwandishi asiye na meno. Imechujwa, haina kipande hata kimoja. Nimeinywa karakanani nikiwa nimewapa mgongo wenzangu. Ni supu nzuri sana. Wifi hajawahi kunipikia mimi chochote.

Jioni akauliza kama mgonjwa ameipenda. Nikasema alitokwa na machozi. Kesho ataleta nyingine.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeona kabla ya kura nimjue Wa Kule vizuri. Nimemwandika, ila sijawahi kuishi kama yeye. Mpango: leo nzima niwe Wa Kule.

Asubuhi mama mkwe akaniambia nichukue sweta. Kila siku huchukua. Leo nikasema hapana, mama, sichukui. Akashangaa. Nami nilishangaa. Kabla sijafika kazini mvua ikanyesha.

Mchana alikuja mwuza nyama kujaribu meno yake. Akataka yawe makubwa zaidi na meupe kama sahani. Siku zote huwaambia wateja wa namna hiyo kwamba tutaangalia. Wa Kule akamwambia atafanana na punda anayepigwa picha. Mwuza nyama akasema hakuna aliyewahi kumwambia ukweli kiasi hicho. Nilikuwa naanza kujipongeza alipoinuka kwenda kunishtaki kwa Daktari. Ikabidi Wa Hapa arudishwe kazini kabla ya saa, aombe radhi. Kwa kuchanganyikiwa nikapanga meno ya mwalimu mmoja mstaafu kwenye taya ya mwuza nyama, nikaanza upya.

Jambo moja nimelitambua na sijalipenda. Nilidhani Wa Kule ana raha. Kutwa alikuwa na baridi. Kila mara alitamani mtu amwambie chukua sweta, ili apate tena wa kumkatalia.

Nyumbani nimemkuta wifi akimsomea mama yake kurasa. Nusura nizirai. Katika riwaya, nyumbani kwa Wa Hapa kuna mashine inayopima kila kitu jikoni na kutangaza kwa sauti kubwa chumvi ilipozidi. Inaitwa Bi Mizani. Yeyote aliyekaa nyumba hii siku moja angejua nimemchukua wapi. Nikasubiri radi ipige.

Mama mkwe akafuta macho. Akasema kati ya wote humo, mwenye akili ni Bi Mizani peke yake. Akaniambia nimwombe mwandishi amwongezee maneno. Kuhusu wale wanawake wawili akasema njia mbili zilimshinda fisi, sembuse mtu na kikapu cha viazi. Kisha akaniuliza kama ningechukua sweta mvua ingekuja.

Mume wangu alikuwa mlangoni akivua viatu. Sijui alisikia kiasi gani. Akasema habari za jioni.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya kura. Nimesogeza viti.

Walikuwepo wifi, muuguzi mmoja mstaafu, fundi cherehani wa mtaa wa pili na mama mkwe, aliyekuja kumtetea Bi Mizani. Mume wangu naye alikuwepo kwa bahati tu. Friji ya dada yake ilikuwa haigandishi, naye alikuwa amelala chini nyuma yake, pale kwenye kona ya sebule, na tochi mdomoni. Tuliiona miguu yake tu.

Wifi akasoma kwa sauti sura ninayoipenda. Wa Hapa anamwuliza Wa Kule kwenye chombo cha mawasiliano: umekula? Sauti inasafiri angani, jibu linafika kesho yake. Wa Kule anasema ndiyo, nimekula. Lakini Wa Hapa amekwisha kusahau kwamba aliuliza, anadhani Wa Kule anajisifu. Wanagombana hivyo, mtu na nafsi yake, kila neno likifika limechelewa. Muuguzi akavua miwani. Akasema yeye alikuwa hivyo kazini na nyumbani, miaka yote, na hakuna aliyemgawanya kwenye kioo. Nilitamani kusimama niseme ni mimi niliyeandika. Nikasogeza kiti ambacho hakikuhitaji kusogezwa.

Kura sasa. Muuguzi akasema abaki Wa Kule, maana wa hapa wako wengi. Fundi cherehani akasema abaki Wa Hapa, kwa kuwa yeye ndiye anayejua kurudi. Mama mkwe akampigia Bi Mizani, hakukubali kusahihishwa. Ikabaki kura ya wifi. Wifi akasema hapigi kura mpaka amjue mwandishi, na hata hivyo swali limeulizwa vibaya. Fundi cherehani akauliza vibaya vipi. Wifi akasema wanaulizwa wanawake wawili tu, mume hajaulizwa. Lakini atamwuliza nani, mume mwenyewe ni bapa.

Hapo sauti ikatoka nyuma ya friji.

"Huyo mume alijua."

Wifi akamwuliza kaka yake alijua nini.

"Kwamba aliyerudi ni nusu. Mzigo uliouzoea, siku ukipungua, mkono unakwambia."

Fundi cherehani akauliza, kama alijua, mbona alikaa kimya. Kitu kiligongwa kidogo kwa bisibisi.

"Aliogopa kuita," akasema. "Angeita jina la mkewe, asijue ataitika yupi."

Kisha akaomba mtu achomeke waya ukutani. Nikachomeka mimi, nilikuwa karibu. Friji ikanguruma, akatoka amechafuka vumbi begani, akasema itapoa taratibu, isifunguliwe-funguliwe. Hakuniangalia. Au aliniangalia mimi nikawa naangalia kiganja changu, maana nilikuwa nimekwisha kuiandika pale kwa kalamu ile sentensi yake ya kuogopa kuita. Ni nzuri kuliko zangu zote. Nitaitumia.

Kura hazikutosha. Moja huku, moja kule, moja kwa mashine.

Jumapili, 9 Machi

Mume wangu amechemsha chai asubuhi, jambo la nadra. Mama mkwe alikuwa amekwenda kumwona jirani. Tulikaa wawili mezani. Dirisha lilikuwa wazi, mtu anaosha baiskeli nje.

Akaniuliza kama yule mteja wangu amemaliza kitabu chake. Nikasema bado, amekwama. Akauliza amekwama wapi. Nikasema mwishoni, hajui nani abaki. Akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari. Akasema nimwambie huyo mteja amwulize mume. Nikasema nitamfikishia.

Akangoja. Alingoja sana, mpaka baiskeli nje ikaisha kuoshwa. Mdomo wangu ulikuwa wazi kabisa, tayari. Nikautumia kunywea chai.

Sijui kwa nini ni hivi. Naweza kumpeleka mwanamke mwezini na kumfanya alie kwa lugha nzuri. Kumwambia mtu aliye ng'ambo ya meza kwamba nimepewa kazi, siwezi. Labda ni kwa sababu Wa Kule nikimharibu namfuta. Hiki kikombe, hii meza, haya macho yaliyochoka, nikiyaharibu sina pa kuyafuta.

Nimeandika aya hiyo vizuri. Naihamishia sura ya kumi.

Jumatatu, 10 Machi

Daktari ametaka jibu. Kura sina. Nilifikiria haraka, nikamwambia mume wangu bado hajakubali.

Uwongo mdogo, wa kununua nafasi. Daktari akaonekana kusikitika kweli. Akasema anaheshimu nyumba za watu. Nikainamisha kichwa kama mke mwenye kuheshimu nyumba yake.

Mpango mpya ni mzuri kuliko wa kwanza. Daktari akidhani mume anakataa, atangoja. Mume asipojua lolote, hatakataa. Kwa hiyo sijaenda wala sijabaki, na hakuna wa kulaumiwa ila mtu ambaye hana habari kwamba analaumiwa. Leo nimepanga meno ya juu yote bila kosa. Mwuza nyama amekubali ya kiasi.

Jumanne, 11 Machi

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikufika hata lango la kliniki.

Daktari ni mtu mwema, hilo sikulipigia hesabu. Asubuhi alimpigia mume wangu simu kumsihi. Akamwambia anajua si rahisi, lakini mkewe ana mikono adimu, asimzuie.

Nikiwa na nta ya moto, mlango wa karakana ukafunguliwa, akaingia mume wangu na begi lake la vifaa. Hajawahi kuingia humu tangu nianze kazi. Akavuta kigoda, akakaa katikati ya taya za watu, akazitazama moja moja. Nilizima taa ya spiriti.

"Daktari ananiambia nimekataa," akasema. "Nikaona nije niulize. Nilikataa lini?"

Nikaanza kusema Daktari hakusikia vizuri. Akainua mkono, taratibu, kama anavyofanya friji inapotoa mlio anaotaka kuusikiliza.

"Habari za hiyo kliniki ninazo tangu mwezi uliopita. Daktari aliniomba nikapime mahali pa kuweka majokofu na viyoyozi. Akasema anataka fundi wake mwenyewe aende. Fundi wake ni wewe. Nikasema haya, ataniambia. Nimekaa nangoja."

"Na kitabu?" nikauliza.

"Kitabu nilijua ukurasa wa kwanza. Huyo Wa Hapa anamenya viazi kwa kuanzia chini. Sijaona mtu mwingine duniani anayefanya hivyo."

Nikachukua kisu kidogo, nikakwangua nta ambayo haikuwa na kosa. Akaendelea kwa sauti ile ile ya chini, kwamba amesoma yote, dada yake alimwazima. Kwamba ameipenda ile ya woga kutogawanyika. Kisha akaangalia mikono yake.

"Umenifanya mtu wa kusema haya tu," akasema. "Miaka yote hii nilidhani nasema zaidi ya hapo."

Hilo liliniingia kuliko kama angenigombeza. Nikamwambia mume wa kitabuni si yeye. Akasema vizuri, kwa sababu yule hana hata kazi, nimesahau kumpa kazi. Ni kweli. Nimesahau.

Nikamwuliza mbona hakunitamkia, nenda au baki, mambo yakaisha. Akachukua taya ya plasta, akaifungua na kuifunga.

"Ningesema nenda, ungesema nimekufukuza. Ningesema baki, ungesema nimekufunga. Nikaona heri ninyamaze. Kumbe na hilo nalo umelipatia jina kitabuni. Sasa nakuuliza, mwenzangu. Wewe, si mteja wako. Unataka nini?"

Nadhani ni kwa sababu sikuwa nimejiandaa. Kama ningepewa hata dakika ya kupanga, ningepanga.

"Nataka kwenda," nikasema. "Na nataka unizuie."

Hakucheka. Alilifikiria kama tatizo la kweli, lenye mrija unaovuja mahali fulani. Kule mbele mteja alikuwa akisukutua mdomo, tunasikia maji.

"Yote mawili siwezi kukufanyia," akasema hatimaye. "La kukuzuia nitalijaribu kituoni, kidogo, usije ukakosa basi. La kwenda ulifanye mwenyewe."

Akainuka. Akaniambia nishushe mabega. Sikujua kwamba nilikuwa nimeyapandisha. Nilimshika mkono wenye harufu ya gesi, tukasimama hivyo mpaka Daktari akapita, akageuza njia.

Nimekwenda mwenyewe kutoa jibu. Nimesema nakubali. Neno moja, na dunia haikutikisika.

Alhamisi, 24 Aprili

Karakana mpya ina dirisha kubwa, na plasta ya huku inakauka haraka. Nimepanga chumba juu ya duka la rangi. Asubuhi kunanuka tapentaini, nimezoea. Wateja wananiita Mama Meno. Kituoni mume wangu alishika begi langu kwa nguvu mpaka kondakta akamwomba aliachie. Alitimiza ahadi.

Riwaya nimeimaliza. Sikumwua yeyote. Mtambo unazimika, giza linatanda, na mume, ambaye sasa ni fundi wa mitambo ya hewa, anasimama katikati ya nyumba na kuita jina la mkewe. Wanaitika wote wawili, kutoka pande mbili, sauti zikafika kwa pamoja. Nililia nikiandika. Wifi sasa anajua mwandishi ni mimi, na anawaambia watu kwamba yeye tangu mwanzo alisema aliyeandika ni mwanamke.

Jana mume wangu alipiga simu. Alinieleza habari za mama, habari za jirani, bomba la jikoni. Kisha akauliza moja kwa moja: Jumamosi utakuja?

Begi langu liko tayari mlangoni tangu juzi. Nilitaka kusema ndiyo. Nikasema nitaona, kazi ni nyingi. Nilikusudia asisitize. Hakusisitiza. Akasema basi, kazi njema.

Nimewaza usiku kucha. Siwezi kumpigia tena kumwambia nakuja. Ataona nilikuwa natamani. Lazima ipatikane sababu nyingine ya kunipeleka kule, sababu isiyo na harufu ya tamaa. Mpango: nimpigie wifi, nimzunguke kwa maneno mpaka yeye mwenyewe anialike kwenye chama kusoma sura ya mwisho. Nitakuwa nimeitwa. Nitafika kwa ajili ya fasihi, na mume wangu nitamkuta kwa bahati.

Nimempigia mchana huu. Sijawahi kufanya kazi laini namna hii. Nilianza mbali, kwa hali ya hewa. Kabla sijafika kwenye vitabu, wifi akasema Jumamosi wasomaji wanakutana, na ingefaa mwandishi aje asome mwenyewe. Safari hii hawakutani kwake, wanakutana jioni nyumbani kwetu. Kaka yake ametoa sebule. Viti amekwisha kuvipanga. Akaniambia basi la alfajiri ndilo zuri, na kwamba nikifika ofisi ya mabasi nitaje jina langu tu, kiti cha dirishani kipo. Mama naye ameambiwa siku hiyo asitaje chumvi.

Nilijifanya kusitasita, ili asigundue. Nikasema nitaangalia ratiba yangu. Wifi akakohoa kama mtu aliyepaliwa na kicheko, nadhani ni mafua.

Katika mipango yangu yote huu ndio uliokwenda kama nilivyoupanga, bila doa. Sikulazimika hata kuomba. Na uzuri wake ni kwamba mume wangu hatashuku chochote.